Baba Anaomba Chumvi

Baba alipata uziwi kwa sababu ya adabu. Tulikuwa hata hatujafungua masanduku katika mji ule wa ugenini alipoitwa kwenye usaili kiwandani, kiwanda cha sufuria, na usaili wenyewe ukafanyika kando ya mashine ya kupiga mabati. Msimamizi akauliza jambo. Baba hakuambulia hata silabi moja, na kwa kuwa ni mtu wa kuheshimu wakubwa mpaka inachosha, badala ya kusema hakusikia, alitabasamu. Msimamizi akapaza sauti. Baba akatabasamu zaidi. Msimamizi akagusa sikio lake, naye Baba akaitikia kwa kichwa, akidhani anaambiwa kuna kelele.

Akaajiriwa papo hapo. Mashine ile ilikwisha kuwakimbiza watu wengi wenye masikio mazima, na sasa Mungu alikuwa ameleta kiziwi. Vibali vyetu vya kuishi vikapigwa mhuri kwa kazi hiyo. Kazi ikienda na sisi tunaenda, na kule tulikotoka tulikuwa tumeuza hadi vitanda.

"Si ukamwambie ukweli?" Mama akauliza.

"Mkubwa wa kazi nitamwambiaje kwamba amekosea?"

"Haya, baki na adabu zako. Utakuwa kiziwi mpaka mkataba uishe."

Shida ni kwamba msimamizi alikuwa mtu wa kwetu aliyetangulia, hana mke, na katika nyumba ya ghorofa tuliyopewa na kiwanda alikaa chini yetu. Pua yake iliijua ratiba ya jiko letu. Kila Jumapili alikuwa mezani.

Nikajiteua kuwa mkufunzi. Bwenini nilikuwa nimejifunza kulala usingizi wa uongo huku kiranja akinimulika tochi usoni, na hatimaye ada ya wazazi ikaonyesha faida. Nilimkalisha Baba kitini, nikapita nyuma yake na kuangusha mfuniko wa sufuria sakafuni. Aliruka kama aliyekalia siafu.

"Sifuri," nikamwambia. "Rudia."

Baada ya siku chache hata kope haikucheza.

Mama naye akabuni lake. Angemsema Baba mbele ya msimamizi, ili ionekane wazi kwamba hasikii kitu. Walikubaliana wenyewe, mlango umefungwa, wakicheka kama wachumba.

"Huyu bwana akikoroma," Mama akafungua dimba Jumapili ya kwanza, "mtaa mzima unageukia upande wa pili."

Msimamizi akapaliwa kwa kicheko. Baba akaendelea kutafuna kwa utulivu wa ng'ombe. Nilijivunia mwanafunzi wangu.

Lakini Jumapili zilikuwa nyingi kuliko vichekesho, ikabidi Mama aanze kuchota kwenye ghala la kweli. Kwamba aliacha uuguzi ili kumfuata mtu asiyeweza kusema "sikusikia." Kwamba katika ndoa yao yote hajawahi kuulizwa anataka nini. Kwamba alimkubali Baba kwa sababu aliyemtaka alichelewa kuja. Hilo la mwisho lilikuwa jipya kwangu. Kwa jinsi kijiko cha Baba kilivyosita hewani, lilikuwa jipya kwake pia.

Msimamizi hakupaliwa tena. Alianza kusikiliza.

"Shemeji," akasema Jumapili moja, akijiongezea mchuzi, "huyu naweza kumrudisha kwao siku yoyote. Wewe na mtoto nawaandikisha vibali kwa jina langu, mnabaki. Unaonaje?"

Akampiga Baba begani kirafiki na kumwinulia dole gumba. Baba naye akainua lake.

Mama alipaswa kucheka. Aliyatazama mapazia aliyoyashona mwenyewe, akautazama mfereji wa maji ya moto.

"Tutaona," akasema.

Nikamkodolea Baba macho. Neno moja tu lingemwangusha yule bwana kitini, na sisi sote tungefungasha siku hiyo hiyo.

"NAOMBA CHUMVI," Baba akasema, kwa sauti kubwa ya viziwi.

Msimamizi alipoondoka, Mama alimkimbilia Baba pale kwenye sinki.

"Nilikuwa naigiza, jamani! Ningemjibu nini, akufukuze?"

Baba akaendelea kuosha sahani. Nikachukua mfuniko, nikauangusha nyuma ya visigino vyake. Hakutikisika hata bega. Alama mia, na kwa mara ya kwanza nilitamani mwanafunzi wangu afeli.

"Tulikubaliana! Wewe mwenyewe ulicheka!"

Mama alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Ndipo Baba akageuka, akaitazama midomo yake kwa lile tabasamu la usaili, kisha akanigeukia mimi.

"MAMA YAKO ANASEMAJE?"

Mama akanitazama, machozi yakimtoka. Nikainua kopo la chumvi.

Baba akaitikia kwa kichwa, akarudi kuosha sahani. Yake tu; zetu akaziacha.