Katalogi za Mbalibali

Nilikuwa nimechoka kabla hata gari halijafika Mbalibali, kijijini kwa Mama. Precious, binti aliyetumwa na maktaba moja ya Dar es Salaam, aliniuliza maswali njia nzima tangu aliponichukua Nyamongo, kwenye kibanda changu cha kutoa kopi. Je, ni kweli ninayo mialiko ya lile onyesho la magunia? Na ile katalogi ya kurasa nyeupe tupu? Ninayo, nikamwambia, ninazo zote. Miaka yote niliyofanya usafi kwenye kumbi za sanaa Nairobi na Dar, wenzangu walijenga nyumba, mimi nilikusanya karatasi.

Na karatasi zenyewe si za kumwonyesha mchungaji. Watu wasio na macho, ng'ombe aliyetengenezwa kwa misumari, bango la onyesho ambalo ukumbi ulikuwa mtupu na wageni walialikwa waje kutazama kuta. Waalikwa walizidondosha sakafuni wakitoka. Mimi niliziokota, nikazipenda, nikaandika jina langu nyuma ya kila moja ili asije mtu akasema si zangu. Nimezihamisha kutoka chumba cha kupanga hadi chumba cha kupanga mpaka mgongo ukagoma. Mwishowe nikazileta kwa Mama zikiwa kwenye maboksi.

"Mama, haya ndiyo maisha yangu," nilimwambia. "Usiache mchwa wakayala."

Kisha nikarudi Nyamongo kutafuta riziki. Sasa maktaba ilikuwa tayari kuchukua kila kitu, ikiweke kwenye chumba chenye ubaridi, na jina langu liandikwe mlangoni. Sikutaka kingine. Nilitaka tu kuutua huo mzigo mahali ambapo mtu angeutunza.

Mama alitupokea uani. Precious akamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikiwa, tukaingia ndani.

Sikuona boksi hata moja. Niliona kuta. Chumba cha Mama kilikuwa kimebandikwa karatasi kutoka chini hadi juu, kama watu wa kwetu wanavyobandika magazeti kuzuia vumbi la udongo, na karatasi zilikuwa zangu. Zile kurasa nyeupe alizizungushia dirisha ili ziongeze mwanga. Nyingine zote alikuwa amezigeuza. Picha zilitazama udongo, migongo ikatazama chumba, na kila mahali palikuwa na neno moja kwa mwandiko wangu: Wegesa, Wegesa, Wegesa.

"Mchwa waliingia boksi la kwanza," Mama alisema. "Hapa ukutani, mchwa akianza kupanda namwona."

"Sasa mbona umezibandika kinyume?" Sauti ilinitoka kama ya mtu anayefukuza mbuzi shambani.

"Kinyume gani? Jina lako si hili hapa?"

Mama hajui kusoma. Neno analolijua kwa macho ni hilo tu, kwa sababu nililiandika kwa mkaa kwenye mlango wa jiko nikiwa mtoto, na hajamruhusu mtu kulifuta mpaka leo.

Precious alivuta kona ya bango moja taratibu. Lilitoka na bonge la udongo, rangi yote ikabaki ukutani. Akajaribu lingine, likachanika. Akasimama katikati ya chumba akizungusha macho, na nikaona uso wake unaanza kung'aa.

"Lakini mama," akaniambia, "ukiangalia vizuri, huu ukuta wenyewe ni sanaa..."

Nilimkatisha. Maneno ya namna hiyo nimefagia chini yake miaka mingi na najua yanakoishia. Hakubisha, maskini. Aliaga kwa heshima, akaondoka na katalogi moja iliyosalimika, ile yenye tundu katikati, ambayo Mama aliikataa kwa kuwa ingepitisha upepo.

Gari lilipoondoka niliketi kitandani kwa Mama nikalia. Nililia kwa hasira kwanza, halafu kwa uchovu, na kile kilio cha uchovu ndicho kilichonichukua muda. Mama akaja kuketi kando yangu.

"Gundi gani hii, Mama? Hata magazeti hubanduka."

"Ya unga wa muhogo." Akanyoosha kitenge chake magotini. "Mwanzo nilipaka kidogo tu. Halafu ukapiga simu kwamba kuna watu wa Dar watakuja kuzichukua. Nikapika nyingine nzito. Nikazibandua, nikazibandika upya."

Nilimgeukia. "Ulijua wanakuja?"

"Si wewe uliyesema haya ndiyo maisha yako?" Hakunitazama, alitazama ukuta. "Zikienda Dar, huku utakuja kufuata nini?"

Nilitaka kumkasirikia, nikakosa nguvu. Nikavua viatu, nikamwomba asogee kidogo, nikajilaza palepale, chini ya jina langu.