Mashine ya Nyumba Yenye Wageni

Nyumba ya François pale La Rochelle haijui kufungwa mlango. Ukitaka kuitambua, tazama viatu: vya Wakongo, vya Watanzania, vya Warundi, vimerundikana barazani utadhani kuna matanga, kumbe ni Jumapili tu. Habari za mji huu zilipita pale kwanza kabla ya kwenda kwingine. Nani kamwacha nani, kanisa gani limegawanyika kwa sababu ya spika za muziki, nani kaoa kimya kimya kule Durban, pwani ya nchi hii hii. Yote yalichambuliwa kwenye makochi yale, na aliyekosa Jumapili moja alirudi kama mtu aliyetoka safari ndefu.

Jocelyne, mke wa François, alizipenda habari hizo kuliko wote. Lakini alikuwa na jambo lake. Yeye ni mlinzi mwenye silaha, mmoja wa wale wanaosindikiza magari ya fedha, na kazi ilimtia mapenzi ya shabaha. Akajiunga na klabu ya walengaji kusini mwa mji, akapata bastola yake mwenyewe, leseni mkononi, sefu imefungwa kwa boliti ukutani. Mwaka huu klabu ilimweka kwenye timu ya watu watano watakaokwenda mashindano ya jimbo. Ila kubaki kwenye timu kunataka mazoezi, na mazoezi yanakula risasi kama mbuzi anavyokula majani. Za dukani bei hakuiweza. Wenzake wote pale klabuni walikuwa wakiokota maganda yaliyokwisha kupigwa na kuyajaza upya nyumbani. Na yeye akaona hakuna njia nyingine.

François hakukataa. Alisema tu, "Leta, mama Exaucé. Lakini kile kitu kikifunga mulango wangu, ao kikiumiza mutu, kinarudi kwenye kilitoka. Sitaki tujadili mara ya pili."

Basi Jumamosi moja Jocelyne akaenda duka la silaha na Vuai, Mzanzibari anayeuza mablanketi Marshalltown, katikati ya mji, rafiki mkubwa wa François. Jocelyne hakumwomba amsindikize. Vuai alisikia tu kuna kitu kinakwenda kununuliwa, akapanda pikapu.

Muuzaji aliwawekea mezani mashine ya chuma, nzito, yenye mkono mmoja. "Hii ni ya anayeanza," alisema. "Kila ukivuta inafanya kazi moja. Kwanza unarudisha maganda yako kwenye umbo lake na kung'oa fataki iliyokufa, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti. Ukimaliza yote, unabadilisha kalibu, hiki chuma kinacholipa ganda umbo, unakwenda hatua ya pili. Maganda yanakaa wima kwenye kibao hiki chenye matundu."

Vuai akaukamata ule mkono, akauvuta. "Shemeji, hii si ya kukamulia machungwa?"

"Kaka Vuai, wacha mtu aeleze."

"Nimemwacha. Na ile pale yenye sahani?"

Ile yenye sahani ilishika maganda manne kwa pamoja. Moja linatiwa fataki, jingine baruti, jingine linavikwa kichwa cha risasi, jingine linabanwa. Kila mvuto, risasi kamili inadondoka kwenye bakuli. Vuai alipoona hivyo alipiga kofi. "Hii ndiyo mashine! Ile ya kwanza utazeeka nayo. Mashindano yatakwisha wewe bado unakamua."

Jocelyne naye akaitamani. Kazini anatoka amechoka, nyumbani watu, kanisani kwaya. Muda ndio aliokosa maishani. Mbali na baruti, fataki na vichwa, akanunua vitu vidogo tu: mizani, rula ya kupimia urefu, miwani, na kinyundo cha plastiki cha kung'olea risasi iliyokosewa. Mashine akaiacha, kwa sababu alimjua mzee mmoja wa klabuni aliyekuwa anahamia ng'ambo na kuuza yake ya sahani, iliyotumika. Mzee akamwambia achukue, ajaribu wiki mbili kwanza.

Ilikuwa ya mtindo wa zamani kidogo: sahani haizunguki yenyewe, unaisukuma kwa kidole gumba kila baada ya mvuto. Vuta, sukuma. Vuta, sukuma. Jocelyne aliifunga kwenye meza ya chumba cha kufulia, nyuma ya jikoni. Chumba hicho hakina mlango. Kilikuwa nao, François akaung'oa zamani ili watu wapite kwenda uani bila kugongana.

Jumapili baada ya ibada akaanza. Mkono ulizoea upesi, risasi zikawa zinadondoka zinang'aa. Sebuleni walikuwa kwenye habari ya Cédric, yule fundi cherehani, anayesemekana kaonekana na mke wa mchungaji, na Jocelyne sikio moja lilikuwa huko.

"Hodi humu ndani!"

Ni Biubwa, mke wa Vuai, mtu mzima, na sufuria ya mandazi kichwani. Akatokeza mpaka pale chumbani. Sasa Jocelyne, ingawa ni mtu wa Bukavu ambako watu hupeana mikono tu, alikwisha kufunzwa na Biubwa mwenyewe kwamba mkubwa hasalimiwi kwa mgongo. Na mikono yenye vumbi la risasi haishiki mkono wa mtu. Basi akainuka, akanawa kwa sabuni, akampa mkono.

"Shikamoo, Bi Biubwa."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Watoto? Kazini? Na huko Bukavu, wamekupigia simu?"

Akajibu moja moja, akamvutia kiti, akaonja andazi, akaambiwa kwamba aliyeonekana na Cédric si mke wa mchungaji bali ni dada wa mke huyo. Kisha akarudi mezani, akavuta mkono wa mashine.

Alikwisha kujaza nyingine kumi na kitu ndipo vidole vikaganda. Biubwa alipopiga hodi, yeye alikuwa amevuta. Je, alisukuma sahani? Alipokaa tena, alivuta kwanza au alisukuma kwanza? Akafumba macho akatafuta. Alichokipata ni ladha ya andazi na dada wa mke wa mchungaji.

Kama hakusukuma, ganda moja limepata baruti mara mbili. Na kipimo cha baruti ile kilikuwa kidogo kwa asili, hakifiki nusu ya ganda. Ukitia mara mbili bado inaenea ndani, kichwa kinakaa juu yake vizuri, na kwa nje huoni kitu. Utaiona siku bastola ikipasuka mkononi.

François akaja kusimama kwenye nafasi ya mlango. "Nini? Mbona uko kama mutu ameona muzimu?"

Akamweleza. Hakuficha.

"Pima kwa mizani basi."

Akapima. Moja nzito, nyingine nyepesi, nyingine katikati. Maganda yaliokotwa klabuni, kila kiwanda na uzito wake, na tofauti hiyo ilitosha kuificha baruti iliyozidi. Mizani haikumwambia neno. Ikabaki kazi moja: kuzing'oa zote.

Akaanza. Unatia risasi kwenye kinyundo, unagonga kwenye ubao, kichwa kinachomoka na baruti inamwagika ndani. Ko! Ko! Ko! Sebuleni habari ya Cédric ikaachwa njiani. Vuai akasogea, Biubwa akasogea, wakasimama nyuma ya François. Jocelyne alimwaga baruti ya kila moja kwenye kisahani cha mizani. Sawa. Sawa. Sawa. Akagonga mpaka bega likauma.

Kisha moja ikamwagika, na kisahani kikazama.

Biubwa akashika kifua. "Ni mimi na mandazi yangu."

"Si wewe, Bibi. Ni mimi niliyeondoka."

"Eish," Vuai alisema. Leo hakuwa na utani.

François alikitazama kile kisahani. "Mashine inarudi," alisema. "Kesho."

"Inarudi," Jocelyne akakubali. "Lakini kujaza siachi, baba Exaucé. Nikiacha, nimetoka kwenye timu."

"Tutie mulango basi, ufungiwe humo Jumapili nzima? Watu watasema nini? Kwamba mke wangu anawafungia mulango?"

"Watasema," Vuai alithibitisha. "Mimi mwenyewe nitasema."

Jocelyne akajifuta mikono. Alikuwa akiifikiria ile mashine ya kukamulia machungwa. "Sikilizeni. Hii ya haraka inataka niwe peke yangu tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mambo yote yanakwenda pamoja. Ukiikatiza, hujui umefika wapi. Ile ya polepole naweza kuiacha popote. Nikinyoosha maganda, mgeni akija, nainuka, nanawa, nasalimu, nakula, nasengenya. Nikirudi, ganda lililonyooshwa liko huku, ambalo bado liko kule. Hakuna cha kukumbuka. Na baruti nitatafuta ile inayochukua nafasi, inayojaza ganda. Ukitia mara mbili inafurika mezani. Nikimaliza kutia, maganda yote yamesimama kwenye kibao, mdomo wazi, namulika tochi nayatazama yote kabla sijavika hata kichwa kimoja."

"Na wakati wa kutia?" François akauliza. "Mutu akipiga hodi?"

Biubwa ndiye aliyejibu. "Mtu akiwa kwenye sala, nani anamsalimu? Unakaa, unangoja, akitoa salamu ya kumalizia ndipo unampa yako. Na hakuna aliyewahi kusema kafungiwa mlango." Akamgeukia François. "Akitia baruti, ahesabiwe yuko kwenye sala."

"Baruti, sala?" François alisema. "Ah non, Bibi. Mchungaji akisikia?"

"Huyo ana ya shemeji yake ya kushughulikia."

Kicheko kikapasuka, na François alicheka akiwa hataki. "Bon. Ya polepole. Lakini tochi, nataka kuona kwa macho yangu."

Wiki iliyofuata Jocelyne alirudi dukani akanunua ile ya mkono mmoja na kibao chake. Ile ya sahani alimrudishia mzee, akamweleza na sababu yake. Mzee akatikisa kichwa, akasema kwake yeye hapiti mtu tangu mkewe afariki.

Jumapili maganda yalinyooshwa katikati ya maongezi, Jocelyne akiinuka na kukaa, akiinuka na kukaa, wala hakuna lililoharibika. Ulipofika wakati wa baruti alisema kwa sauti, "Naingia." Biubwa akahamisha kiti chake, akakaa pale ulipokuwa mlango, akiipa mashine mgongo na wageni uso.

Angélique, msusi wa mtaa wa pili, akaingia na jambo lililomjaa mdomoni. "Jocelyne yuko wapi? Mmesikia ya Cédric?"

"Yuko kwenye baruti," Biubwa alisema. "Kaa. Anza na mimi."

Ndani, Jocelyne aliyasikia mazungumzo kama maji yanayopita mbali. Alitia baruti kwenye ganda la mwisho, akaweka kipimo chini, akamwita mumewe. François akaishika tochi mwenyewe, akainama juu ya kibao, akapita mstari kwa mstari, akirudi nyuma pale alipokuwa na shaka.

"Ziko sawa," alisema hatimaye.

"Tazama tena."

Akatazama tena.