Hatua Kumi na Moja za Radi

Jumatano ile ya Aprili 1982, Wilibrodi alitoka nyumbani saa kumi na mbili jioni kwenda kumfungua ndama aliyekuwa upande wa juu wa shamba la maharage. Akasema ugali usisongwe mpaka arudi. Mawingu yalikuwa yameshaufunika msitu wa Ngorongoro, na giza lilikuwa limeingia kabla ya saa yake. Radi ikapiga mara moja tu. Ndama alirudi peke yake akiburuta kamba, na maji ya ugali yakakauka sufuriani mkewe Germana akiwa amesimama mlangoni.

Walimzika Ijumaa. Kwa Wairaqw wa upande ule wa Karatu, nyumba iliyopigwa na radi haichangamani na nyingine mpaka wazee waseme. Wazee walikaa, mzee Tluway akiwa mkubwa wao, wakasema hii ni ya Mungu, hakuna mkono wa mtu. Nyumba itulie miezi miwili. Maharage yakikomaa, majirani watakuja kuyang'oa kama kawaida.

Germana alikubali. Alichota maji wenzake walipokwisha kuondoka. Hakuomba moto kwa mtu. Rafiki yake Cresensia alimsalimu akiwa ng'ambo ya ua wa minyaa, na hilo nalo alilizoea. Aliwaza, miezi miwili ni nini? Hesabu yake ilikuwa nzuri kabisa. Alichosahau kukihesabu ni shemeji yake.

Patrisi, mdogo wake Wilibrodi, alikuwa ameajiriwa na Elirehema, mwalimu wa chuo kikuu, mtu wa Machame, aliyepanga nyumba mlimani kando ya barabara ya kwenda kreta. Mwalimu huyo kazi yake ilikuwa kupiga picha za radi. Alikuwa na kamera ambayo filamu yake imeviringishwa kwenye pipa dogo, na pipa lenyewe linazunguka kwa kasi ya kutisha, ili mambo ambayo jicho linayaona kwa mkupuo mmoja yajipange kwenye filamu moja baada ya jingine. Patrisi alisafisha filamu, akazianika, na tangu apewe kazi hiyo hakuna aliyepumua kwa maelezo yake.

Asubuhi moja mwanzoni mwa Juni, Cresensia alipiga kelele kutoka ng'ambo ya ua.

"Germana wee! Umesikia alichosema shemeji yako kilabuni?"

"Amesema nini tena huyo?"

"Eti ameiona radi ya Wilibrodi kwenye filamu. Eti haikutoka juu! Imeanzia shambani kwenu, ikapanda hatua kwa hatua mpaka wingu. Wazee wamesikia, dada. Wanasema kama imetoka chini, basi kuna kitu kimefukiwa. Nyumba ifungwe mwaka mzima."

Germana aliliangalia shamba. Majani yalikuwa yameshageuka manjano. Wiki mbili zaidi na maganda yangeanza kupasuka yenyewe, mbegu zimwagike chini, na yeye na watoto watatu wasingemaliza hata robo yake. Ndicho chakula chao cha mwaka.

Patrisi alipokuja jioni, hakukaribishwa kigoda.

"Shemeji, nani alikutuma?"

"Lakini shemeji, sayansi haifichwi."

"Ungeificha hii moja! Umekunywa vikombe vingapi?"

"Viwili. Nimeona kwa macho yangu. Niliishika filamu dirishani, mwanga mkubwa ukaanza, kisha ukapanda."

"Kesho unanipeleka kwa mwalimu wako. Na njia nzima usinieleze kitu."

Alieleza njia nzima.

Germana hakuingia ndani, maana nyumba yake ilikuwa bado imefungwa. Alisimama nje ya dirisha. Elirehema alitoka na karatasi na kalamu, uso umechangamka kama mtu aliyengoja miaka mitatu aulizwe swali.

"Pole sana, mama. Sasa tuanzie ndani ya wingu. Kuna vipande vya barafu vinavyogongana..."

"Mwalimu, barafu iache huko huko. Radi iliyomuua mume wangu ilitoka juu au chini?"

"Juu."

Germana alivuta pumzi.

"Ila," Elirehema akaongeza, "na chini kuna kidogo kinachopanda."

"Mungu wangu! Hamwezi kujibu neno moja mkanyamaza?"

"Siwezi kusema uongo, mama."

"Basi utakuja kusema ukweli wako mbele ya wazee. Na ulete hiyo filamu."

Walikutana Jumamosi pembeni mwa shamba, wazee sita upande mmoja, Germana hatua ishirini mbali nao. Patrisi aliishika filamu kuelekea mwanga wa anga, akaonyesha kwa kidole kama mtu anayehutubia.

"Mnaona? Tunasoma kutoka kushoto. Mwanga mkubwa huu hapa, umegusa ardhi. Halafu hatua, hatua, hatua, mpaka wingu."

Wazee wakaguna. Elirehema akafungua mdomo, lakini Tluway alikuwa ameshaichukua filamu. Akaisogeza karibu na jicho lake zima.

"Hapa mwishoni pana maandishi."

"Ni kibao cha tarehe, mzee," Patrisi alisema. "Naandika kwa chaki, tunakipiga picha kwanza, ndipo pipa linazunguka."

"Wewe unaandika?"

"Mimi mwenyewe."

Tluway alikuwa amejifunza kusoma mwaka wa sabini na tano, kwenye elimu ya watu wazima, naye hakuruhusu mtu asahau jambo hilo. Aliikazia macho.

"Mimi nilifundishwa na Marsela, binti wa katekista, na nilipogeuza saba alinichapa vidole. Hii nne yako inaangalia wapi? Na hii A ya Aprili mbona iko mwisho?"

Tluway akaigeuza filamu upande wa pili, taratibu. Tarehe ikasomeka.

"Umeishika kinyume, mpumbavu wee! Umeisoma radi kutoka mkiani."

Mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa. Patrisi akaanza kueleza, wazee wote wakamwambia anyamaze. Sasa Elirehema akasogea. Akaonyesha mstari mwembamba ukitoka winguni, ukishuka kipande, ukisimama, ukishuka kipande kingine, ukitupa matawi pembeni, yote kwa muda ambao kope haiwezi kufunga. Tluway alihesabu kwa ukucha. Hatua kumi na moja zilionekana. Karibu na ardhi, mstari mfupi uliinuka kutoka chini kuupokea ule wa juu. Ilipokutana tu, ndipo ule mwanga mkubwa.

"Kwa hiyo chini kimeinuka kitu," Tluway alisema.

Germana alifumba macho. Angeweza kumkaba mwalimu yule.

"Huinuka kila mahali, mzee. Kwenye mti, kwenye msalaba wa kanisa, popote inapofikia. Lakini isingekuja ya juu, hiki kisingeinuka."

"Ilikuwa imeshapiga hatua ngapi wakati huo?"

"Zote kumi na moja."

Tluway aliirudisha filamu. "Basi ilikuwa imeshatoka kwake juu. Hakuna aliyeiita." Akageuka, akapaza sauti ya kumfikia Germana. "Mwanangu, Jumatatu watu watakuja."

Wazee walipoondoka, Elirehema alimletea Germana filamu aitazame. Alidhani anataka maelezo, lakini hakutaka.

"Huu mfupi," Germana aliuliza, "ndio yeye?"

"Ni pale alipokuwa amesimama. Zaidi ya hapo kamera haioni, mama."

Aliutazama mstari ule. Ulikuwa mfupi kuliko ukucha wa mtoto. Kisha akairudisha, akamwambia asante, akamwambia pia Patrisi asimfuate nyumbani.

Jumatatu walikuja watu kumi na wanane, Cresensia akiwa wa kwanza. Kabla ya adhuhuri Alhamisi shamba lilikuwa limekwisha.

Maharage sasa yako ghalani. Mbegu za msimu ujao anazichagua Germana mwenyewe, kazi ambayo alikuwa akiifanya Wilibrodi.