Mruko wa Tilly

Merrin Haddow aliumaliza ujana wake katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yake, kule Queenstown, Tasmania, akitengeneza gemu peke yake. Kuchora alichora yeye, muziki akatunga yeye, hata mlio wa buti juu ya mabati ulikuwa wa buti zake mwenyewe. Gemu lilimhusu Tilly, binti wa mchimba shaba; binti huyo amenaswa chini mgodini, naye anaruka kutoka ubao hadi ubao huku maji yakimfuata nyuma. Mgodi mzima aliuunganisha ukawa safari moja, bila mahali pa mchezaji kupumzika.

Lilipotoka, watu walilisifu. Kisha mtu aliyejiita Buti Bovu akaandika mtandaoni kwamba Tilly anachelewa kuruka: unabonyeza, yeye anafikiri kwanza, halafu anatumbukia. Merrin akamjibu hadharani, "Pole mzee. Jaribu karata." Mashabiki wakacheka, wakamwandama yule mtu wiki nzima, na kila kejeli Merrin akaitilia alama ya kupenda.

Baadaye alipata meza kwenye maonyesho ya gemu Melbourne. Mdogo wake Corey, mwalimu wa sekondari, akajitolea kumsaidia kubeba vifaa, wakavuka bahari kwa feri pamoja.

Watu walivutwa na michoro. "Hii yote umefanya peke yako?" waliuliza, wakakaa. Walipofika kwenye daraja moja lililokatika, wakaanguka. Wakarudia, wakaanguka tena. Wakaweka pedi ya kuchezea chini kwa adabu, wakashukuru, wakaenda zao. Adabu ile ilimchoma Merrin kuliko matusi.

Msichana mmoja mwenye nywele za zambarau alisimama akicheka. "Kumbe yule Buti Bovu hakusema uongo."

"Yule?" Merrin akasema. "Yule hajui hata kushika pedi."

Msichana akaondoka. Corey alikuwa chini ya meza anafunga waya, wala hakuinua kichwa.

"Ni mimi, dada."

"Wewe nini?"

"Buti Bovu."

Merrin alicheka, akamsubiri naye acheke. Hakucheka.

"Nilikwambia mara mbili mezani kwa mama," Corey akasema. "Mara ya pili ulibeba sahani yako ukaenda kumalizia chumbani. Nikaona labda mgeni utamsikiliza."

"Mbona mimi naruka vizuri tu?"

"Cheza. Usimtazame Tilly, tazama kidole chako."

Akacheza. Kidole gumba kilibonyeza kitufe Tilly akiwa bado hajafika ukingoni. Miaka yote hiyo kidole kilikuwa kimejifunza kuwahi, na mwenyewe hakujua. Uso ulimwaka hadi masikioni. Likaja kundi la vijana, na Corey akawapokea. "Karibuni. Pale kwenye daraja bonyezeni mapema kidogo." Alisema hivyo kwa kila mgeni hadi ukumbi ulipofungwa, kana kwamba ndivyo gemu lilivyokusudiwa.

Kwenye feri ya kurudi, Corey akiwa nje anapunga upepo, Merrin alifungua simu akasoma yale maoni ya Buti Bovu kuanzia juu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Karibu yote yalikuwa sifa. Buti Bovu alisema kwamba alipoziona kofia za wachimbaji zikining'inia gizani, alisimamisha gemu akampigia mama yake simu. Malalamiko yalikuwa sentensi mbili za mwisho. Chini yake ndipo lilipokuwa jibu la Merrin la karata, na kejeli za watu, na alama zake za kupenda.

Akaanza kuzifuta alama hizo moja moja, kisha akaacha. Kufuta kimyakimya kulikuwa kujificha tu. Akaandika hapohapo, kwa jina lake, kwamba mtu huyu alisema kweli na yeye alimtendea vibaya.

Mruko aliurekebisha kwa asubuhi moja tu, na wepesi huo ukamwongezea aibu. Akampigia Corey, akamwomba ajaribu toleo jipya.

"Nitalijaribu," Corey akasema. "Ila si sasa hivi, dada. Kwa sasa niache kidogo."

"Sawa," Merrin akasema, na hakumsihi.