Ufa wa Kona ya Kushoto

"Mama! Mama, unafanya nini?"

Wubalem aliitupa ndoo mlangoni akaruka ndani. Mama yake, Etagegn, alikuwa amesimama mbele ya meza, mtandio mweupe kichwani, chupa ya maji ya baraka mkononi. Kompyuta mpakato ilikuwa wazi mbele yake, na vitufe vyote vimelowa vinameremeta.

"Naiombea," mama akajibu bila kugeuka. "Si ulisema jana inaumwa?"

"Nilisema imepasuka kioo! Umeme na maji wapi na wapi, mama?"

Aliinyakua, akaipindua juu chini, akaifuta kwa upindo wa mtandio ule ule wa mama yake, hata mama akavutwa nao mpaka karibu aanguke. Mama hakukasirika. Aliifunga chupa yake taratibu, akairudisha mahali pake chini ya picha ya Mariamu.

"Hujui kitu wewe," akasema. "Nilikunyunyizia wewe ukiwa na surua, watu wameshaanza kulia uani. Leo unanipigia kelele."

Hapakuwa na la kubishana. Katika nyumba ile kila asubuhi, kabla mtu hajatia kitu mdomoni, Etagegn alinyunyiza mlango, vitanda, jiko la kuchomea mikate ya injera, redio, hata paka, ambaye siku hizi alikuwa amejifunza kutoka mapema. Mgonjwa yeyote alipita kwanza kwenye maji, hospitali ikafuata. Maji yenyewe aliyapandia mlima wa Entoto kwa miguu, kwenye chemchemi ya kanisa, akashuka na dumu mgongoni. Sasa kama paka anapata, kompyuta ikose kwa nini?

Tena kompyuta ile ilikuwa yake zaidi kuliko ya bintiye. Etagegn alicheza upatu na akina mama wenzake wanaochoma injera, na zamu yake ilipofika, mtaa mzima wa Gulele ulijua atabadilisha mabati. Paa lilivuja kama chujio. Badala yake alimwekea Wubalem zile hela mkononi, akamwambia, "Paa limevuja tangu baba yako yu hai, litavuja tena. Kanunue hicho chombo chako, uache kuwafanyia kazi wengine." Tangu hapo Wubalem alichapa na kupanga tasnifu za wanafunzi hapo hapo mezani, sufuria tatu zikiwa zimetegwa sakafuni kukinga matone. Na mwezi huu, kwa mara ya kwanza, chuo kimoja cha biashara kilikuwa kimempa kazi ya darasa zima la wanaohitimu.

Halafu jana jioni akaifungua kama anavyoifungua siku zote, ikalia *tik*, mlio mdogo kama bisi moja inayopasuka kikaangoni. Haikuanguka. Haikugongwa. Ufa ulianzia kona ya kushoto, chini, ukapanda ukijigawa, na weusi ukasambaa nyuma yake mpaka nusu ya kioo ikawa giza. Waranti ilikuwa ya mwaka mzima, na mwaka haukuwa umefika hata nusu. Kwa hiyo Wubalem alilala akiwa na huzuni, lakini bila hofu. Ndiyo kazi ya waranti, au siyo?

"Nakwenda nawe," mama akasema, akijifunga mtandio uliolowa.

"Ukafanye nini?"

"Nikae tu. Mtu haendi hospitalini peke yake."

*

Kituo cha matengenezo cha kampuni kilikuwa upande wa Bole, ghorofa ya vioo vitupu. Mlinzi alipekua mkoba wa Wubalem, akaipekua na chupa ya mama, akainusa.

"Maji ya baraka hayo, mwanangu. Unataka?"

Mlinzi alitazama kulia na kushoto, akakinga kiganja. Kisha akawaambia namba za foleni zimekwisha, lakini kwa kuwa mama ni mtu mzima, basi, wapite wasimame kule mwisho.

Walisimama. Mvua za Juni zilipiga vioo vya nje, na ndani palikuwa na dirisha moja tu linalofanya kazi kati ya manne. Mbele yao alisimama bwana mmoja mnene, kofia nyeupe ya kufuma kichwani, kompyuta kaikumbatia kama mtoto mwenye homa. Jina lake Kedir, muuza vitambaa wa soko la Merkato.

"Yako ina nini, dada?" akauliza.

"Kioo."

"Kona gani?"

"Kushoto. Chini."

Kedir akafungua ya kwake. Ufa ulikuwa ule ule, ulipoanzia na ulipojigawa, kana kwamba mmoja ameunakili kutoka kwa mwenzake. Nesi mmoja aliyekuwa mbele ya Kedir akageuka, akatazama, akafungua na yake. Kushoto, chini.

"Alhamdulillahi," Kedir akasema kwa sauti ya chini. "Basi si mimi. Mke wangu amenisema wiki nzima kwamba nina mikono ya mpasua kuni."

Wubalem akahisi moyo unatulia. Nyufa tatu za aina moja, hata mtoto angeona kosa liko kiwandani. Akampa mama habari hiyo sikioni, na mama akaitikia kwa kichwa. Lakini uso wake haukufunguka. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, ule ulioshika chupa.

Zamu ya nesi ikafika. Kijana wa dirishani aliitwa Surafel, shati limenyooka, uzi mweusi wa ubatizo shingoni. Aliipeleka kompyuta ndani, akarudi nayo.

"Dada, umeifunga ikiwa na kitu ndani. Punje ya shayiri ya kukaanga, kitu kama hicho. Punje moja tu inatosha. Waranti haihusiki."

"Mimi sili shayiri kwenye kompyuta!"

"Ndivyo mafundi walivyoona."

Akafuata Kedir. Yeye aliambiwa ameiinua kwa mkono mmoja, kwa kushika kioo. Waranti haihusiki. Bei ya kioo kipya alipoisikia aliivua kofia yake, akaivaa tena, akasogea pembeni bila kuondoka.

Wubalem alielewa sasa jinsi mchezo unavyochezwa. Ufa ni mmoja, lakini kila anayefika dirishani hutafutiwa dhambi yake peke yake. Akasogea dirishani akijiambia kwamba yeye hawatampata.

Surafel aliichukua kompyuta, akakaa nayo sana ndani. Aliporudi, mfuniko wa chini ulikuwa umefunguliwa, na alikuwa anaonyesha kwa ncha ya kalamu kijistika kilichobandikwa karibu na betri.

"Hiki huwa cheupe. Kikiguswa na maji kinakuwa chekundu. Unakionaje?"

Kilikuwa chekundu kama pilipili ya berbere.

"Ni unyevu," Wubalem akasema haraka. "Paa letu linavuja. Mvua zimeanza, kila kitu kinashika unyevu."

"Unyevu haufanyi hivi. Kuna kimiminika kimeingia?"

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Hakuna maji yaliyoigusa."

Nyuma yake akasikia mtu anavuta pumzi. Hakugeuka. Alijua. Ilikuwa Jumatano, siku ya mfungo, na Etagegn hakuwa mtu wa kusimama kando ya uongo siku ya mfungo akanyamaza, hata kama uongo huo ungewarudishia paa.

"Mwanangu, usiape," mama akasema. Akasogea dirishani, akamtazama Surafel. "Ni mimi. Nimeinyunyizia leo asubuhi maji ya Entoto. Ilikuwa imeshapasuka tayari, tangu jana, ndiyo maana nikainyunyizia. Nilitaka ipone."

Surafel aliushika uzi wa shingoni mwake, labda bila kujua. Yeye naye alikuwa na mama yake, ilionekana wazi.

"Mama," akasema, sauti imeshuka. "Yangu nyumbani hunyunyiziwa vilevile. Naielewa habari yako."

"Basi andika hivyo, mwanangu. Ufa jana, maji leo."

"Sina mahali pa kuandika hivyo. Humu nina maji, chai, soda, bia. Nikichagua maji, habari imekwisha. Siulizwi yalikuja lini."

"Na baraka?"

"Baraka haimo."

Kisha akaikumbuka kazi yake, akanyooka. Akamweleza Wubalem kwamba kampuni ina huruma. Mteja akitia sahihi kukiri kwamba maji ndiyo yaliyoharibu kioo, atapunguziwa nusu ya gharama na kompyuta itatoka kesho. "Maji yakimwagika hayazoleki, dada. Tia sahihi yaishe."

Nusu ile walikuwa nayo, au wangeikopa. Kesho ile ilikuwa ndani ya muda wa chuo. Wubalem aliichukua kalamu. Akaweka ncha yake kwenye mstari, na hapo akamtazama mama yake. Etagegn alikuwa amejifunika mdomo kwa mtandio. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, na midomo chini ya kitambaa ilikuwa inasema, nisamehe, nisamehe. Alikuwa ameshaamini. Mtu aliyeacha mabati akanunua chombo alikuwa ameshaamini kwamba mkono wake ndio ulioua chombo hicho.

"Wewe kijana!"

Ilikuwa sauti ya Kedir. Alirudi dirishani na tumbo lake mbele, akaifungua kompyuta yake kando ya ya Wubalem, kona kwa kona.

"Ya bibi huyu imepasuliwa na maji ya baraka. Sawa. Mimi ni Mwislamu. Ya kwangu nani kainyunyizia?"

Watu wakaangua kicheko. Hata mlinzi alicheka mlangoni. Nesi akaja na yake, akaiweka ya tatu, na mwanafunzi mmoja kutoka mwisho wa foleni akapenya na ya nne. Zilipangika pale kaunta, nne, na ufa mmoja.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni!" mtu akapiga kelele.

Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka meneja akiwa na simu sikioni. Alizitazama kompyuta nne kwa muda mfupi mno, jinsi mtu anavyotazama kitu anachokijua. Akasema kila tatizo linashughulikiwa peke yake, kampuni haizungumzi na kundi. Akasema pia ni saa sita, ni chakula cha mchana. Surafel akashusha pazia la dirisha huku macho yake yakikwepa ya Etagegn.

"Sahihi, dada?" akauliza kupitia mwanya uliobaki.

Wubalem aliilaza kalamu.

"Sitii. Nipe kompyuta yangu."

"Ukiichukua bila matengenezo, kuna ada ya uchunguzi."

"Ada ya kuchunguza nini?"

"Ya kuifungua tukaona stika."

Naam. Alilipishwa ili aoneshwe kosa ambalo si lake. Etagegn akafungua fundo la pindo la mtandio wake, zilimokuwa hela za unga wa kesho, akazitoa zote, na Surafel akaipitisha kompyuta chini ya pazia kama mtu anayetoa maiti kwa mlango wa uani.

*

Kazi ya chuo ilimponyoka jioni ile ile. Wubalem alipiga simu mwenyewe kuomba siku chache, na bwana wa ofisi ya masomo akamwambia kwa upole, "Binti yangu, wanafunzi wanahitimu, kompyuta yako haihitimu nao." Kazi akapewa mwenye duka karibu na chuo. Alibaki na mwanafunzi mmoja tu wa mtaani, aliyekuwa ameshalipa nusu na hakuwa na pa kwenda.

Jirani akawaazima televisheni yake ya zamani, nene kama kasha. Wubalem aliiunganisha na kompyuta kwa waya, na maneno yakatokea huko, makubwa, yamefifia, yamekatika pembezoni. Yanasomeka. Alichapa mpaka macho yakawasha. Etagegn alikaanga kahawa, akaipika, lakini hakuinywa. Kisha akasema, akiwa ameupa ukuta uso.

"Nimekukata mikono, mwanangu."

"Mama, umeziona zile nne."

"Nimeziona. Lakini ya kwako ndiyo iliyokuwa nyekundu."

Wubalem akarudi kwenye vitufe, akavipiga kwa hasira. Kioo kinanunulika. Lakini hili walilolivunja ndani ya mama yake, wakatoza ada na kwenda zao kula, hili nani atalitengeneza?

Asubuhi alijifanya bado amelala. Alimsikia mama akiamka, chupa ikifunguliwa. Mlango, vitanda, jiko, redio. Paka akatoka mbio. Kisha nyayo zikafika mezani, zikasimama. Etagegn aliificha chupa mgongoni, kama mtu anayepita na kisu mbele ya mtoto, akaizunguka meza kwa mbali na kwenda kuirudisha.

"Mama. Umeiruka."

"Ile? Ile hapana. Hapana, mwanangu. Wale watu wamesema."

Wubalem aliinuka. Akachomoa waya wa televisheni na wa umeme, akaifunga kompyuta, akaibeba kwa mikono miwili, akasimama mbele ya mama yake na kuinamisha kichwa, jinsi alivyokuwa akifanya zamani kabla ya mtihani.

"Na waranti?" mama akauliza.

"Waranti yake ndiyo hiyo uliyoishika."

Etagegn hakunyunyiza. Alilowesha kidole kimoja tu, akagusa paji la uso la bintiye, kisha akagusa mfuniko, kona ya kushoto, chini. Tone likabaki pale, dogo. Wubalem hakulifuta. Aliiweka kompyuta mezani, akakaa kusubiri likauke lenyewe, na nje mvua ikaanza, na sufuria tatu zikaanza kulia.