Shangazi Alichagua Lini?

Mgonjwa huulizwa uji. Huulizwa mzito au mwepesi, wa moto au vuguvugu, na akikunja uso huulizwa tena. Ndivyo alivyoamini karani wa utafiti, ingawa wahenga walisema kinyume. Labda wahenga hawakuwahi kulazwa wodini.

Kazi yake ilikuwa kuingiza fomu kwenye kompyuta. Utafiti ulihusu wanawake wenye uvimbe kwenye kizazi: nani anapewa dawa, nani anatolewa uvimbe tu, nani anaondolewa kizazi kizima. Daktari mkuu jibu alikwisha kulipata, na suti ya kulisomea mkutanoni imeshashonwa: wanawake wa bondeni, tofauti na wa mlimani, hupenda kuondolewa kizazi.

"Hupenda?" karani aliuliza.

"Safu ya saba, binti. Chaguo la mgonjwa. Takwimu hazina mdomo wa kusema uongo."

Asubuhi moja karani akafungua daftari la kliniki, lile ambalo fomu zote zilinakiliwa kutoka humo, ili ahakikishe umri wa mgonjwa mmoja. Macho yakatelezea safu ya saba. Juu kabisa paliandikwa "kuondoa kizazi". Chini yake, zile alama mbili ndogo za "kama hapo juu". Chini yake tena, na tena, zikishuka ukurasa mzima kama sisimizi walionusa sukari. Kwenye mstari wa kumi na tisa akakutana na jina la shangazi yake, fundi cherehani, aliyeolewa mwaka jana na ambaye ameshashona nguo sita za mtoto asiyekuwapo bado. Upasuaji: kesho.

Akampigia simu pale pale.

"Shangazi, ulichagua lini kuondoa kizazi?"

"Kuondoa nini?" Cherehani ikanyamaza. "We mtoto, mimi nimeambiwa natolewa uvimbe! Nikaweka sahihi, maana muuguzi alikuwa na haraka kama anafukuzwa na nyuki."

"Njia ziko tatu."

"Tatu? Mtu akiniletea kitambaa namwonyesha mishono kumi, na hiyo ni sketi tu!"

Kabla ya saa sita shangazi alikuwa kliniki, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Karani akampa kalamu. Shangazi akazikata zile alama mbili kwa mstari mnene, akaandika mwenyewe: uvimbe tu, kizazi mkiache.

Wagonjwa waliokuwa kwenye mabenchi wakataka kujua kulikoni. Karani akapanda juu ya kiti, akawasomea njia zote tatu, faida na hatari zake, kwa sauti ya mnadani.

"Rudia ile ya dawa, mwanangu!" mama mmoja akapaza sauti.

Akarudia. Kufikia adhuhuri wanawake kumi na mmoja walikuwa wameshaomba kalamu.

Daktari mkuu akatokea, jasho likimtiririka.

"Umeniharibia utafiti! Jumatatu nitasoma nini?"

"Soma kwamba hawakuulizwa."

"Ulipaswa kuja kwangu kwanza."

"Nilikuja, Daktari. Ukanionyesha safu ya saba."

Shangazi akakohoa kicheko. Daktari akashusha sauti. "Haya. Upasuaji wa shangazi yako utabadilishwa. Lakini wewe niombe radhi mbele ya hawa watu, yaishe."

Karani akashuka kitini, akajifuta vumbi la magoti.

"Siombi," akasema.