Mbwa Hayumo Kwenye Orodha

Jumamosi asubuhi fundi cherehani alimwogesha mbwa wake kwa sabuni ya tatu tangu vidonda vianze. Alikuwa ameshabadilisha chakula, ameanika matandiko, amesaka viroboto mpaka macho yakamuuma. Daktari wa mifugo alinyoosha mikono. Yeye hakunyoosha, alimpenda mbwa wake, basi.

Jioni, alipoona sabuni nayo haikufua dafu, akafanya anachokijua. Alimwekea mbwa mgongoni karatasi ya kukatia nguo, akachora kidonda kwa chaki, akakata. Umbo lilikuwa refu, limepinda mwishoni. Alilijaribu kwenye mkeka, kwenye mguu wa meza, kwenye mlango, akitafuta kilichomuumiza. Halikukaa.

Mumewe akarudi kutoka kiwanda cha betri, akavua shati. Fundi akamwekea ile karatasi mkononi. Ilikaa sawasawa, kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono.

"Hapa palitokea nini?"

"Alhamisi asidi ilinirukia. Lakini mimi ngozi yangu ngumu. Wenzangu wote wameungua, mimi hata alama."

"Ngumu wapi, baba? Mbwa ndiye anayekuungulia."

Mume alimtazama mbwa, akaona ni kweli, akamwomba radhi. Kisha wakala.

Jumapili fundi alimshonea mumewe glavu za turubai. Jumatatu jioni zilirudi zimeliwa na asidi, zimebaki mishono. Jumanne akaenda kiwandani na mbwa, pamoja na karatasi kumi na moja, kila kidonda na yake.

Msimamizi alizipokea moja moja, akazilinganisha na faili la ajali.

"Vidonda ni vya kwetu, mama, sikatai. Lakini glavu za mpira tunampa aliyeumia, na mumeo hajaumia. Mbwa hayumo kwenye orodha."

"Basi mwandike."

"Kwani ameajiriwa?"

"Kazi anafanya."

Fundi alikaa kwenye benchi, hana haraka, mpaka saa ya chakula. Mwishowe msimamizi akachukua kalamu, akamuuliza fundi mbwa wa namna hiyo wanapatikana wapi.

Mwezi uliofuata kila mfanyakazi alipewa mbwa wake, akatia saini. Glavu hazikuletwa. Msimamizi alitangaza kwamba kiwandani hakuna tena mtu aliyeumia.

Fundi bado huenda kiwandani kila Jumanne kudai glavu, na mbwa wake hutangulia, njia ameshaizoea. Jumatatu hashoni nguo ya mtu. Siku nzima hukata karatasi za vidonda, na foleni ya mbwa huanzia mlangoni kwake hadi barabarani.